Barua Kwenye Sanduku la Kujaribia

Jumatatu, 3 Oktoba 2016. Biharamulo.

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha tangu alfajiri. Leo nimeanza kazi tena, mimi niliyedhani nimeagana na kazi nilipostaafu ualimu wa Kiswahili. Ofisi inayotafuta jamaa waliopotezana njiani wakitoka Burundi imenitaka niwe msahihishaji wa barua zake.

Mkuu wa ofisi, Bwana Celestini, amenieleza utaratibu. Mzazi aliyepotezana na mtoto hujaza maombi parokiani. Mtoto akifika peke yake kwenye kituo cha mapokezi mpakani, wilayani Ngara, karani wa kule huandika habari zake kwenye tovuti yetu. Seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, hulinganisha maombi na habari za karani. Zikilingana, seva yenyewe hutuma barua pepe parokiani, na katekista huisoma mbele ya watu baada ya Misa.

Barua hiyo ndiyo kazi yangu. Mama hawezi kuambiwa kwamba mwanawe yu hai kwa Kiswahili cha sokoni.

Jumatano, 5 Oktoba.

Fundi wa kompyuta ni binti anayeitwa Kaneza. Baba yake alivuka mpaka mwaka 1972 na amelima Nyarubungo tangu hapo. Kaneza anaongea upesi, anakula karanga juu ya meza ya kazi, na anaacha sentensi zake katikati.

Ameandika programu inayojifanya mtu. Programu hiyo hufungua tovuti, hujaza fomu kama karani, hubonyeza kitufe, kisha husubiri kuona kama barua imetoka na kama maneno yake ndiyo yaliyotakiwa. Analiita jaribio la mwanzo hadi mwisho. Likifaulu, mstari wa kijani hutokea kwenye kioo cha kompyuta; likishindwa, mwekundu.

Alinitaka nimpe barua ya mfano yenye majina ya kubuni. Nilimjibu kwamba kwa miaka yote ya ualimu sikuwahi kumpa mwanafunzi mfano usio na ukweli ndani yake, na kwamba anwani isiyokuwepo ni uongo hata ikiandikwa na mashine. Nikachukua ombi la kwanza kwenye faili: mama Niragira, parokia ya Kaniha, anamtafuta binti yake Iteka, miaka minane. Nikaandika barua ya mfano kwa majina hayo na kwa anwani halisi ya parokia. Kaneza alitazama kioo, akasema, "Mwalimu, kompyuta haijali." Nikamwambia kwamba mimi najali.

Tulibishana pia juu ya sehemu ya "Maelezo mengine" iliyo chini ya barua. Karani wa mpakani, Mihayo, huandika hapo chochote kinachomjia, tena vibaya. Nilitaka sehemu hiyo ifutwe. Kaneza alikataa, akasema hapo ndipo mtoto mwenyewe husikika. Katika mfano wangu nimeandika: Hakuna.

Jumanne, 11 Oktoba.

Mvua. Umeme ulikatika mara nyingi. Majaribio ni mekundu.

Jumatano, 12 Oktoba.

Majaribio ya asubuhi kijani, ya mchana mekundu, ilhali hakuna aliyegusa kitu. Kaneza amegundua sababu. Programu yake ilikuwa ikisubiri kwa muda uliopangwa, kisha ikikata tamaa. Mtandao ukilemewa na mvua, barua huchelewa na jaribio huonekana limeshindwa. Sasa ameibadili iulize, ipumzike kidogo, iulize tena, kama mtu mwenye subira kwenye dirisha la posta. Hata hivyo ikaanza kuokota barua ya jaribio la jana na kujisifu kwamba ni ya leo. Ikabidi aifundishe kutazama saa ya kutumwa. Frednand, dereva wetu, anasema mashine hiyo inafanana na watumishi wa serikali aliowahi kuwaendesha.

Jumapili, 16 Oktoba.

Misa. Mahindi yangu yameota vizuri. Kwa jirani Gozbert ng'ombe ameingia shambani.

Jumanne, 18 Oktoba.

Naandika haya polepole ili niyaandike sawasawa.

Saa nne asubuhi mwanamke aliingia ofisini akiwa amelowa. Alivaa kitenge cha samawati, na kifuani alikumbatia mfuko wa nailoni. Frednand alimpa kiti, hakukaa. Akatuamkia wote, "Shikamooni." Akasema yeye ni Niragira wa Kaniha.

Nilijua jina kabla sijamjua mtu.

Alieleza bila kupaza sauti. Jumapili katekista Matiasi alisoma kanisani barua ya ofisi yetu kwamba Iteka amepatikana na yuko mpakani. Watu walipiga vigelegele. Shangazi yake Niragira, ambaye ameolewa Kaniha tangu zamani na ndiye anayemhifadhi, aliuza kuku. Wakanunua gauni. Jana Niragira alipanda lori hadi mpakani na kumwonyesha Mihayo karatasi. Mihayo akatafuta kila mahali. Hapakuwa na mtoto wa jina hilo, wala hajawahi kuwapo.

Celestini alimtazama Kaneza. Kaneza alikuwa amekwisha fungua kompyuta yake, akatuonyesha orodha ya barua zilizotoka. Ijumaa alisahau, akayaendesha majaribio kabla ya kuziba njia ya barua za kweli kama afanyavyo kila mara. Barua ya mfano ilitoka ofisini, ikafika ilikoandikiwa.

"Nani aliiandika?" Niragira aliuliza. "Nimeisoma mara nyingi. Haikuandikwa na mtu anayefanya mchezo."

Celestini akaanza kueleza habari za mitambo. Mimi sikusema neno. Niragira alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, akaushika mfuko wake wa gauni, akaondoka. Frednand alimfuata na gari ili asitembee kwenye mvua. Alikataa kupanda.

Alipokwisha kwenda, nilimkaripia Kaneza mbele ya wote kwa uzembe. Alinisikiliza hivyo hivyo, hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nilikuomba majina ya kubuni."

Jumatano, 19 Oktoba.

Sikwenda kazini. Kifua.

Ijumaa, 21 Oktoba.

Kaneza ametengeneza sanduku maalumu la barua ambalo liko ndani ya ofisi tu. Seva ya majaribio hudhani inatuma barua duniani, kumbe zote huangukia humo, na programu huenda humo kuzisoma. Yeye analiita mtego. Nimemwambia barua si panya. Mimi ninaliita sanduku la kujaribia. Kila asubuhi nitafungua sanduku na kusoma kila barua.

Nilitaka majina ya Niragira na Iteka yaondolewe leo hii. Celestini amekataa. Wafadhili wanakuja kukagua, majaribio yote yamefungwa kwenye barua ile neno kwa neno, na tukiibadili sasa kila kitu kitakuwa chekundu mbele ya wageni. Anasema barua zikiwa haziwezi kutoka, jina halina madhara. Tutabadili wageni wakiondoka.

Nilikubali. Hilo nimeliandika ili lisomeke.

Ijumaa, 28 Oktoba.

Wageni wameahirisha. Daraja limejaa maji. Nimesoma "Iteka amepatikana" mara nyingi wiki hii kuliko nilivyosali rozari.

Jumanne, 8 Novemba.

Leo Kaneza amenishauri nipumzike kusoma sanduku. Amesema programu sasa inalinganisha kila neno, kila nukta, na kwamba nayachosha macho yangu bure. Nadhani alikusudia kunihurumia, maana nilikuwa nasugua macho. Mimi nilisikia kwamba sina kazi. Nimemjibu kwamba kama mashine ndiyo mwalimu sasa, basi na isahihishe. Sitafungua sanduku tena.

Alhamisi, 10 Novemba.

Radi ilipiga jana jioni, ikaunguza seva ya kweli. Frednand alisema ni bahati radi haijui kuandika, la sivyo ningeisahihisha. Sikucheka, ila nilikaribia.

Kaneza ameshinda ofisini akijenga seva mpya kutokana na nakala iliyosalimika. Celestini alisimama nyuma yake muda wote akimwambia wageni watafika Jumatatu. Alasiri mistari yote ikawa ya kijani, kuanzia juu hadi chini. Celestini akapiga makofi.

Nilimuuliza Kaneza kijani kinathibitisha nini. Akajibu, "Kwamba barua imefika sandukuni, Mwalimu." Nikaridhika na jibu. Sikuuliza sanduku lipi.

Jumatatu, 14 Novemba.

Wageni wamekuja, wameona kijani, wamekula kuku, wameondoka. Mvua haijakatika.

Alhamisi, 17 Novemba.

Hakuna habari. Celestini anasema wiki hizi watoto wanaopatikana ni wachache kwa sababu ya mvua.

Jumanne, 22 Novemba.

Matiasi, katekista wa Kaniha, amekuja kwa pikipiki, tope hadi magotini. Nilidhani amekuja kutulaumu kwa ile barua, nikajiandaa kulaumiwa. Lakini alikuja na swali.

"Mwalimu, mmeacha kazi?"

Nikamuuliza kwa nini asema hivyo. Akasema tangu ile radi hajapokea barua hata moja, na mwenzake wa Nemba vivyo hivyo. Watu hubaki kanisani baada ya Misa wakimtazama mdomo, naye anatangaza mnada wa ndizi. Celestini akarudia hoja yake ya mvua. Matiasi akatikisa kichwa: jana amekutana na dereva wa lori atokaye mpakani, na dereva amemwambia kituo kimejaa watoto.

Kaneza alivuta kompyuta yake. Akafungua mipangilio ya seva mpya, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kukiacha hapo. Nakala aliyoijengea seva ilitoka kwenye mashine ya majaribio, pamoja na agizo lake la kutupa kila barua kwenye sanduku la kujaribia. Tangu radi ile, seva ya kweli ilikuwa ikiwaandikia wazazi, na barua zao zikiangukia chumbani mwetu, juu ya barua za mfano. Na majaribio yalikuwa yanaona barua zimefika sandukuni, yakituonyesha kijani.

Tulifungua sanduku. Lilikuwa limejaa. Barua za mfano na barua za watu zilichanganyika kama mchele na chuya. Kaneza alirekebisha agizo, kisha akapembua kwa jina: zote za Niragira akaziweka kando kwa kuwa ndizo za mfano, na zilizobaki akazituma upya kwa wenyewe. Matiasi alisubiri hadi simu yake ikalia barua za Kaniha zilipoingia, ndipo akawasha pikipiki.

Kaneza alikuwa analia bila sauti huku anaendelea kufanya kazi. Sikumkaripia. Nilimpelekea chai na kuiweka mahali pa karanga zake.

Jumatano, 23 Novemba.

Asubuhi nilifika kabla ya wengine. Nilifungua sanduku, nikaanza kusoma zile barua za Niragira zilizowekwa kando. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nimeacha kazi hiyo kwa kiburi, na nilitaka kuimaliza.

Zote zilikuwa moja. Iteka, miaka minane. Maelezo mengine: Hakuna. Iteka, miaka minane. Maelezo mengine: Hakuna. Nilisoma hadi maneno yakapoteza maana. Kisha nikafika kwenye barua ya tarehe kumi na nne, siku ile wageni walipokula kuku. Iteka, miaka minane. Maelezo mengine: "Mtoto amebeba sufulia ndogo haina mfuniko hataki kuiacha hata akirara."

Mimi sikuandika hivyo. Mashine haiwezi kubuni hivyo. Aliyeandika ni Mihayo, huku akimtazama mtoto.

Nilipokwenda kumwita Kaneza nilimkuta mlangoni anakunja mwavuli. Alisoma kioo amesimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Jana niliziweka kando kwa jina, Mwalimu. Jina tu." Nikamwambia jina hilo nililiweka mimi.

Tulimpigia Mihayo, simu haipatikani. Celestini alipotazama ratiba alikaa chini: kesho asubuhi mabasi yanawachukua watoto wasio na wazazi kwenda kambi za kusini, na huko watagawiwa walezi. Mtoto akishapelekwa, kumrudisha ni miezi ya vibali. Celestini akaandika barua pepe kwenda mpakani kuomba Iteka asipakiwe. Frednand akamuuliza kama barua hiyo nayo iko kwenye sanduku. Tukaondoka na gari, Frednand, Kaneza na mimi, kuelekea Kaniha.

Niragira alikuwa anapalilia maharage kwa shangazi yake. Alituona, akaendelea kupalilia. Nilivuka matuta kwa viatu vyangu vya ofisini na kumwambia Iteka amepatikana.

"Hiyo nimekwisha isikia, Mwalimu."

Nikamwambia barua hii ni ya kweli. Akasema hata ile ilikuwa na jina la ofisi. Nikamwambia kesho mabasi yanaondoka. Akainuka, akajishika kiuno.

"Mara ya kwanza nilikwenda na gauni. Nikarudi nalo, watu wananitazama. Kuna walioniambia nimerukwa na akili. Mkinipeleka tena nikakosa, sitarudi hapa. Nitajitupa mtoni, Ruvubu. Niacheni na maharage yangu."

Shangazi mtu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akimwonya Frednand kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, asithubutu kushika mkono wa mwanawe.

Hapo nilimwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia tarehe kumi na nane Oktoba. Nilisema, "Barua ya kwanza niliiandika mimi. Nilichukua jina la mwanao kutoka kwenye ombi lako nikalifanya mfano. Kila neno ndani yake lilitoka kwako au kwangu. Hii ya pili ina neno ambalo wewe hukuliandika popote, na mimi siwezi kulijua. Nisikilize hilo moja, kisha unifukuze."

Nikatoa karatasi na kumsomea kama Mihayo alivyoandika, pamoja na makosa yake.

Niragira aliweka jembe chini, akaenda ndani akipita katikati ya mimea aliyoipalilia, akaikanyaga. Tulisikia vyombo vikigongana. Alipotoka alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria.

"Tulikuwa tunakula walipopiga risasi," alisema. "Mimi nilishika huu. Yeye alishika chakula."

Shangazi alikwenda kuleta gauni.

Alhamisi, 24 Novemba. Mpakani.

Tuliondoka Kaniha kabla ya mapambazuko. Baada ya Nyakahura gari lilizama kwenye tope, tukashuka wote kusukuma, hata Niragira, mfuniko ukiwa umefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Kaneza alipoteza kiatu kimoja na hakurudi kukitafuta.

Tulipofika kituoni mabasi yalikuwa yananguruma. Mihayo, kijana mnene wa Kisukuma mwenye koti la mvua, alikuwa anaita majina kwenye ngazi ya basi la pili. Barua ya Celestini hakuiona, mtandao wake umekufa tangu Jumapili. Nilimpungia karatasi. Alinitazama, akamtazama Niragira, akauona mfuniko ulio mgongoni mwake, akaacha kuita majina. Akasema Iteka amekwisha panda.

Niragira hakukimbia, nami sijui kwa nini. Alitembea kando ya basi akitazama juu, dirisha baada ya dirisha, na nyuma yangu nilisikia Kaneza akihesabu au akisali. Kwenye dirisha la mwisho palikuwa na sufuria. Ilikuwa imewekwa ukingoni, na mkono ulioishika ulikuwa mdogo.

Niragira alifungua kitenge, akaunyanyua mfuniko juu hadi usawa wa dirisha.

Mihayo alimshusha mtoto kwa kumbeba. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa. Hakumkimbilia mama yake. Alisimama mbele yake, akatazama ndani ya sufuria, kisha akasema kwa Kirundi, ambacho sisi Wahangaza tunakisikia bila mkalimani:

"Mama, maharage niliyala."

Jumatatu, 28 Novemba.

Nimekaa na Kaneza siku nzima. Tumefuta jina la Niragira na la Iteka katika kila jaribio. Majina mapya nimeyabuni mimi. Hakuna mtu yeyote wilayani aitwaye hivyo, nimehakikisha. Barua za mfano sasa zinaanza kwa maneno HII NI BARUA YA KUJARIBIA. Sehemu ya "Maelezo mengine" imesogezwa juu, mara baada ya jina la mtoto.

Kaneza ameongeza jaribio moja ambalo mashine haiwezi kulimaliza. Kila asubuhi seva ya kweli itatuma barua moja fupi kwa kila parokia kwa njia ileile zinayopitia barua za wazazi. Mtu wa kule ataijibu kwa mkono wake. Hadi atakapojibu, mstari utabaki mwekundu, hata kama mengine yote ni ya kijani. Celestini amelalamika kwamba wekundu huo utaonekana vibaya wageni wakija. Kaneza alinitazama. Nikamwambia Celestini kwamba wageni watasubiri pamoja nasi.

Ijumaa, 2 Desemba.

Mvua imepungua. Nemba, kijani. Kaneza amekula karanga juu ya barua zangu.

Jumatatu, 5 Desemba.

Nemba walijibu mapema. Nyarubungo walijibu. Kaniha kimya. Ilipofika saa nne mstari wao ulikuwa bado mwekundu, na Matiasi hapokei simu. Kaneza alikagua seva mara mbili, kila kitu ni sawa. Tukakaa tunautazama mstari ule. Frednand alikwisha toka kuwasha gari.

Jibu liliingia karibu saa tano. Nimelinakili hapa kama lilivyo.

"Imefika. Matiasi ameenda kuzika Kaniha juu, mimi nafagia ofisi ya parokia nikaona simu yake inawaka. Nimeisoma, nimeona ni ya kujaribia, sijaita mtu. Ni mimi Niragira."